Upande wa Kiboko

Vanessa, binti wa jirani yake Honorine, alipopiga hodi asubuhi ile, Fadhila alikuwa anaosha samaki, mikebuka ya kukaanga, na beseni lake lilikuwa limejaa maji yenye damu na magamba. Hakuuliza ni nani. Sauti ile aliijua tangu ilipokuwa sauti ya mtoto anayelilia andazi. Aliinuka na beseni, akafungua lango la bati kwa kiwiko, akamwaga yote miguuni mwa binti yule: viatu, suruali, mpaka kwenye mfuko wa vyombo vyake vya kazi.

"Jambo, Mama Raïssa," Vanessa alisema, magamba yakimng'aa magotini.

"Jambo ya nini? Samaki iko hapo chini, okota upelekee kiboko yako."

"Mama, nilikuya tuzungumuze kidogo juu ya hii parseli, hii kiwanja yenu, kuna kazi tuko nataka..."

Lango lilifungwa kabla hajamaliza. Fadhila alirudi kwenye mikebuka yake akiwa amefurahi, na furaha ile ilimkaa mwilini mpaka adhuhuri. Naomba msimhukumu haraka. Au mhukumuni, shauri yenu, lakini kwanza mjue alivyofikishwa hapo, kwa sababu chuki ya mwanamke huyu haikuota yenyewe kama majani.

Nyumba hizo mbili, ya Fadhila na ya Honorine, pale Kavimvira mjini Uvira, upande wa ziwa, zilikuwa zimegusana ukuta miaka mingi. Babu yake Djamali, mumewe Fadhila, alijenga ya kwake kwa matofali ya kuchoma wakati familia yao bado ilikuwa inauza chumvi na vitambaa pwani yote mpaka Kalemie. Honorine na mume wake walikuja baadaye, watu wa kwaya na wa mashamba ya mihogo. Siku ya Idi sahani ya pilau ilipita juu ya ukuta, siku ya Noeli sahani ile ile ilirudi na nyama. Raïssa, binti wa Fadhila, na Vanessa walisukwa nywele kwenye mkeka mmoja. Hayo yote yalikuwa kabla ziwa halijapanda.

Mwaka ziwa lilipopanda, watoto wa kaka zake Honorine walijaza mifuko ya mchanga na kuipanga mbele ya nyumba yao, safu juu ya safu, imekaa upande upande kama mtu aliyegeuza bega. Maji yalipokosa pa kupita kwa Honorine, yaligeuka yakaingia chumbani kwa Fadhila. Fadhila alikwenda na kitenge kimefungwa kiunoni, maji magotini, akaomba safu mbili tu zisogezwe. Honorine alikuwa amechoka, ana homa, ana hofu, na jibu lililomtoka lilikuwa baya.

"Kila muntu apambane na maji yake."

Neno hilo Fadhila alilimeza likamkaa kooni. Nyumba ya Honorine ililoa kizingiti tu. Ya Fadhila ilisimama ndani ya ziwa mpaka madirishani, na yeye na Djamali walikwenda kupanga vyumba viwili kule juu, karibu na mlima. Djamali alikuwa haamini. Kila alfajiri alishuka kuitazama nyumba yake kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa hospitalini. Alifika ukingoni, pale palipokuwa ua wake mwenyewe, akainama kutawadha. Sasa jike moja la kiboko lilikuwa limezoea kulala ndani ya jiko lao, kwa sababu maji ya pale yalikuwa na kina kilichomfaa na ukuta ulimkinga na mawimbi. Alfajiri moja ndama wake alikuwa upande huu, mama yake upande ule, na katikati yao alikuwa Djamali na mikono yenye maji. Alizikwa alasiri ile ile.

Honorine alikuja matangani na wanawake wa kwaya. Alikaa nje barabarani, hakuingia, na Fadhila hakumtumia hata maji ya kunywa.

Halafu, kama vile msiba haukutosha, Vanessa alirudi kutoka Bukavu alikosomea mambo ya wanyama, akapata kazi kwenye mradi wa watafiti waliokuwa wanachunguza viboko wa pwani ya kaskazini. Alionekana kila jioni ufukweni na darubini. Aliokota mavi ya kiboko akayatia kwenye vichupa. Wanawake wa sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliwajua wanyama wale mmoja mmoja, kwa makovu na kwa masikio. Na siku moja mwuza visamaki vya ndagala alimletea Fadhila habari pamoja na chenji yake: lile jike lenye sikio la kushoto lililopasuka, linalokaa kwenye nyumba zilizozama Kavimvira, watafiti wamelipa jina. Wanaliita Malkia.

"Mume wangu ameuawa," Fadhila alimwambia yule mwuzaji polepole, "na aliyemuua amepewa cheo."

Tangu siku ile hakuwa na jirani. Alikuwa na adui, na adui huyo alikuwa na mtoto. Ziwa lilipoanza kurudi nyuma, lilipomwachia kwanza ua, halafu ukumbi, halafu jiko lililojaa matope na kinyesi cha kiboko, Fadhila alichota matope yale kwa mikono yake. Alipiga chokaa. Alirudisha kitanda cha Djamali mahali pake. Nyumba ile ndiyo yote iliyobaki ya mumewe, na alikula kiapo kwamba atatoka humo akiwa amebebwa.

Basi baada ya asubuhi ile ya maji ya samaki, vijiti vilionekana.

Fadhila alirudi kutoka soko la Mulongwe akakuta vijiti vyenye utepe mwekundu vimechomekwa ardhini, vimekuja kutoka ziwani kwa mstari mmoja, vikapita ukingoni mwa ua wake na kuishia kwenye pembe ya nyumba. Vanessa na kijana mmoja mwenye tepu ya kupimia ndio waliovichomeka. Mwuza mkate wa pale njiani aliwaona. Fadhila alikwenda moja kwa moja kumwita shemeji yake Baraka, mdogo wake Djamali, aliyekuwa na gereji ya pikipiki karibu na mpaka wa nchi na aliyejua kila jambo la mji huu, na alipokuwa halijui alilijua vilevile.

Baraka alichuchumaa, akashika utepe kwa vidole viwili.

"Shemeji, hivi minye navijua. Kule ngambo ya bandari walianza vile vile. Kijiti, utepe, metre. Hawakusema kitu. Baadaye mashine ikakuya, ikabomoa yote. Wanasema hakuna muntu wa kujenga karibu na mayi."

"Na wenye nyumba?"

"Wale wenye akili walitoa mabati mbele ya mashine kufika. Milango, madirisha, matofali yote. Wale walibaki kungojea bakasema tutalalamika kwa biro ya serikali, mashine ilikanyagia vitu vyao ndani. Hata msumari haukuokoka."

Na hilo lilikuwa kweli, kila mtu wa Uvira alikuwa ameliona kwa macho yake. Kwa hiyo mjini humu mtu akiona vijiti kwenye kiwanja chake haendi ofisini kuuliza. Anakwenda kuazima ngazi.

Fadhila alitazama juu ya ukuta. Kijiti kimoja tu kiligusa kiwanja cha Honorine, kwenye pembe kabisa. Ndani kwao hakukuwa na kitu.

"Mbona kwao hapana?" Baraka aliuliza.

"Weye iko nauliza nini? Binti yao ndiye anapima!" Fadhila alisema, na moyo ulimchemka mpaka macho yakamwuma. "Maji walinisukumia. Sasa wananisukumia mashine."

Kesho yake Vanessa alikuja tena. Safari hii hakuthubutu kufika langoni, alisimama kwenye ua wa mama yake, akapandisha kichwa juu ya ukuta na kuita, "Mama Raïssa! Vile vijiti, tafazali, nikueleze kidogo!" Fadhila alivuta kinu, akachukua mchi, akaanza kutwanga. Kinu kilikuwa kitupu. Alitwanga ubao kwa ubao, kwa nguvu zake zote, na kila Vanessa alipofungua mdomo mchi ulishuka. Watoto wa njiani waliacha mpira wakaja kutazama. Vanessa alipiga kelele kidogo, akapunga mikono, halafu akashuka. Jioni alipanda basi kwenda Bukavu kuwaeleza wakubwa wa mradi kazi ilipofikia, akamwachia mama yake maagizo.

Ndiyo maana siku iliyofuata alikuja Honorine mwenyewe.

Alikuja kwa njia ya lango, na kitenge safi, na kitambaa kichwani kama anayekwenda kanisani. Hakuwa amekanyaga pale tangu mwaka wa maji. Ilimgharimu kuja, na uso wake ulionyesha kwamba ilimgharimu. Mwanamke yule hakuwa na desturi ya kuomba. Alimkuta Fadhila amesimama ukumbini, mikono kiunoni.

"Mama Raïssa, Vanessa amenituma. Vile vijiti..."

"Amekutuma! Amechoka kutuma kiboko, sasa anatuma mama yake."

"Sikia kwanza. Minye sikukuya kwa vita."

"Ulikuya kuona bale mabati nitatoa lini? Ulikuya kupima na weye? Djamali yuko mu udongo, Honorine. Mulimtoa kwa nyumba yake na mifuko yenu ya muchanga, akakwenda kufia inje kama imbwa, na yule aliyemuua binti yako anamuita Malkia!"

Honorine alikunja midomo. Hapo angeweza kusema neno moja tu na yote yangekuwa mengine. Nadhani alikuwa analitafuta. Alisogea hatua, akanyoosha mkono kama anayetaka kumshika Fadhila begani, na Fadhila akamtemea mate.

Yalimpata shavuni. Honorine alichukua ncha ya kitenge chake, akajifuta taratibu, akaitazama ile ncha, akaikunja ndani.

"Aya," alisema. "Kaa na kiburi yako."

Akatoka na hakugeuka nyuma.

Kazi ya kubomoa ilianza siku hiyo hiyo. Baraka alikuja na mafundi wa gereji yake, watu wenye mikono ya kufungua vitu. Mabati yalishuka moja moja, na kila moja lilipong'oka jua lilidondoka kipande kizima ndani ya chumba alichokuwa amelala na mumewe maisha yake yote. Fadhila hakulia. Alikuwa na kazi. Alikusanya misumari kwenye kopo, ile iliyopinda aliinyoosha kwa jiwe. Milango ilitolewa na fremu zake. Madirisha yalitolewa. Halafu walishika matofali, kwanza ya ukuta wa ua upande wa ziwa, kisha ya jiko, kisha ya nyumba yenyewe, na matofali ya babu yalikuwa magumu, yaligoma, yalitoka na vumbi jekundu lililowafanya wote wafanane na watu waliochimbwa.

Upande wa pili Honorine aliweka kiti chake kifupi kivulini, akaweka beseni la mihogo mbele yake, akaanza kumenya. Hakuficha kwamba anatazama. Tofali likianguka, alitazama. Mafundi wakipumzika, naye alipumzisha kisu. Fadhila alimwona, na alilichukua lile kama wimbo wa ushindi. Aliona adui anasubiri kula matanga ya nyumba yake. Kwa hasira hiyo alizidi kuharakisha watu.

"Toeni yote! Wakikuya wakute udongo tu. Wabomoe upepo!"

Gari la Fuso lililokuwa limeleta mchele kutoka Sange lilirudi na mabati, milango na matofali, yote yakaenda kupangwa uani kwa Raïssa, aliyekuwa ameolewa huko. Kilichobaki Kavimvira kilikuwa sakafu ya sementi, alama za vyumba, na kizingiti cha jiko ambacho nyundo ilishindwa nacho. Fadhila alihamia kwa Baraka. Angeweza kwenda Sange na mizigo yake, lakini alikuwa na jambo moja analolingoja, na analingoja kwa hamu: siku ya mashine. Alitaka awepo. Alitaka aone sura zao watakapofika na lile dubwana lao na kukuta hakuna cha kubomoa. Kwa hiyo kila asubuhi alibeba kiti chake cha plastiki, akakiweka katikati ya palipokuwa chumba chake cha kulala, akakaa akilitazama ziwa.

Alikuwa amekaa hivyo magari yalipokuja.

Hayakuwa na mashine ya kubomoa. Yalikuwa na mawe. Mawe mengi ya mtoni, na mabunda ya waya, na nguzo za chuma zilizopakwa rangi nyeusi. Watu walishuka wakaanza kusuka waya ule kuwa vizimba vya mraba na kuvijaza mawe, kizimba juu ya kizimba. Msimamizi wao, fundi mmoja anaitwa Cyprien, mtu mpole aliyevaa kofia ya jua, alimkuta Fadhila kwenye kiti chake.

"Mama, weye ni wa hapa?"

"Ni kwangu. Mashine yenu iko wapi?"

"Mashine gani?"

"Ya kubomoa!"

Cyprien alitazama huku na huku. "Mama, sisi hatubomoi. Tuko najenga ukuta wa kukinga watu na kiboko. Proje ya bale watafiti. Binti Vanessa ndiye alionyesha mahali mnyama anapita." Akachomoa kijiti kimoja chenye utepe, akakipiga kwenye kiganja kuondoa udongo. "Hivi vilikuwa vya kuonyesha pahali ukuta utapita. Ulikuwa ukuye mbele ya nyumba yako, ushike kwa pembe, uendelee. Alisema tuanzie hapa, kwa ile nyumba ya mzee aliyeuawa. Lakini tulifika jioni moja wiki iliyopita tukakuta nyumba hapana tena."

Fadhila alisikia maneno yote, moja moja, na hakuweza kuyaweka pamoja. Alishika mikono ya kiti.

"Sasa?" alisema.

"Sasa tumegeuza." Cyprien alionyesha kwa kidole, na aibu kidogo. Ukuta ungekuja kutoka kaskazini mbele ya nyumba ya Honorine, ungekata kona kwenye mpaka wao wawili, ungepanda mpaka nyuma kwenye njia ya mtaa, ungepita mgongoni mwa kiwanja cha Fadhila na kushuka tena upande wa pili. "Mnyama naye anatafuta pa kupandia kula majani. Ukimfungia kote atavunja kwa muntu. Watafiti walisema tumuachie pahali pasipo nyumba. Tulitafuta pahali. Hapa ndipo hapana nyumba."

"Nani alisema hapana muntu?"

"Tulikuya na shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa. Aliuliza jirani." Cyprien aligeuza macho kwenye kiti kifupi kivulini. "Jirani akasema mama amehama. Amebeba hata milango."

Na uongo haukuwepo hata chembe katika maneno hayo. Fadhila aligeuka. Honorine alikuwa anamenya mihogo yake.

Vanessa alishuka kwenye basi la Bukavu mchana wa siku ile na kuja moja kwa moja ufukweni na mfuko wake mgongoni. Alipofika kwenye pembe ya nyumba ya mama yake alisimama, akatazama hewani, mahali palipokuwa paa. Mfuko ulimponyoka begani.

"Mama Raïssa, nani amefanya hivi?"

"Minye," alisema Fadhila.

"Lakini nilikuya! Nilikuita kwa ukuta! Nilimwacha Mama akueleze..." Akageukia upande wa pili. "Mama, hukumwambia?"

Honorine alitupa ganda la muhogo kwenye ndoo.

Fadhila hakuwa mtu wa kukubali haraka, na siku zile alipigana. Alikwenda kwa shefu wa kartie, aliyemwambia kwa upole wa watu wa ofisi kwamba ukuta ni wa kulinda makao, na yeye makao yake yako Sange, uani kwa binti yake, yamepangwa vizuri. Alimpeleka Baraka apige kelele. Baraka alipiga kelele, lakini alipoulizwa ni nani aliyempa habari za mashine, alikumbuka pikipiki ya mteja akaondoka. Vanessa aliwapigia simu wakubwa zake akiwa amesimama ndani ya maji kutafuta mtandao, akabishana, akalia kwa hasira kwa nini hawakumwambia; walisema mawe yamepimwa yakatosha mstari ule, na waya umekwisha kukatwa. Alirudi kumweleza Fadhila, macho mekundu.

"Nitajenga tena," Fadhila alimwambia. "Nitarudisha tofali moja moja."

"Mama, ukuta utakuwa nyuma yako. Utalala mbele yake."

"Si ulimpenda? Si ulimpa jina? Furahi basi!"

"Nilimpa jina ili nijue ni yupi!" Vanessa naye alipasuka, na ilikuwa mara ya kwanza kumpazia sauti mama huyu aliyemlisha maandazi. "Huwezi kumzuia mnyama hujui anapita wapi. Miezi yote ile nilikuwa namfuata huyu mmoja, kila jioni, ju ya Baba Djamali! Nilitaka asirudi kwa mlango wenu tena. Weye ukanimwagia maji ya samaki."

Fadhila alitazama viatu vya binti yule, vile vile alivyovimwagia magamba.

Ukuta ulipanda. Wanaume walijaza mawe tangu asubuhi mpaka jua lilipojificha nyuma ya milima, na pale Uvira linajificha mapema, wakati ng'ambo ya maji Bujumbura bado inameta. Waliziba nyuma, kwenye njia ya mtaa. Waliziba upande wa pili. Fadhila alikaa kwenye kiti chake cha plastiki katikati ya sakafu, mgongo kwa mawe, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Mwisho ilibaki nafasi ya kizimba kimoja tu, pale kwenye mpaka wa viwanja viwili, ambapo zamani sahani za pilau zilikuwa zinapita.

"Mama," alisema Cyprien, waya mkononi. "Toka basi. Tunafunga."

Alitazama kushoto, akatazama nyuma. Hakukuwa na njia nyingine. Ilikuwa ama ziwa, ama ua wa Honorine, ua aliokuwa ameapa hataukanyaga akiwa hai.

Majini, mbali kidogo na matete, pua mbili zilitokea na kupuliza, halafu masikio. La kushoto lilikuwa limepasuka. Wafanyakazi wote waliweka mawe chini. Mnyama aliwatazama, akangoja, kama mwenye subira anayejua kwamba watu wataondoka.

"Huyo ndiye?" Fadhila aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Ndiye," alisema Vanessa kwa sauti ndogo, kutoka upande wa pili wa mawe. "Tafazali, Mama, kuya."

Fadhila alisimama. Alijaribu kukunja kiti chake, kikagoma, akakibeba hivyo hivyo. Alipita kwenye ile nafasi ubavu ubavu, kitenge kikamkwama kwenye waya, akakivuta kikachanika. Akawa amesimama katika ua wa Honorine. Nyuma yake Cyprien na watu wake walianza kutupa mawe ndani ya kizimba cha mwisho, haraka haraka.

Honorine alikuwa kwenye kiti chake kifupi. Beseni la mihogo lilikuwa limejaa, nyeupe, na bado alikuwa anamenya.

"Ulijua," Fadhila alisema.

"Nilijua."

"Ulikaa hapo. Ulitazama bati la kwanza mpaka tofali la mwisho."

"Nilitazama."

"Neno moja, Honorine. Neno moja tu."

Kisu kilisimama. Honorine aliinua uso, na shavu lake lilikuwa lile lile lililotemewa mate, na hata yeye hakuonekana kuwa na raha. Alionekana kama mtu aliyekula kitu alichokitamani sana na sasa kimemkaa vibaya tumboni.

"Nililileta," alisema. "Nililileta kwa mlango wako, na kitenge safi. Unakumbuka ulilipokea na nini?"

Ng'ambo ya mawe maji yalimwagika kwa kishindo, kama mtu mnene anayetoka kuoga. Ndipo ukasikika mwendo mzito juu ya sementi. Vanessa aliinua darubini kwa mazoea, kisha akaishusha asitazame. Fadhila alitazama. Kupitia nyufa za mawe aliona mgongo mweusi ukipita ukumbini, ukipita chumbani, ukaenda bila kuuliza njia mpaka palipokuwa jiko, ukazunguka hapo, ukalala, kidevu juu ya kizingiti kile kilichoishinda nyundo.

Honorine aliweka kisu chini. Alijifuta mikono, akatembea mbele ya Fadhila mpaka lango la barabarani, akalifungua, akasimama kando na kumpisha kwa adabu zote, kama anavyopishwa mgeni.